Msitu wa Mama Bado

Watu wa kijiji kile cha juu ya Mafinga hawakumwita Evarista kwa jina lake. Walimwita Mama Bado, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kila aliyepanda mteremko wake kuulizia misindano yake, ile misonobari ya mbao, aliambiwa neno hilo moja, bado, kisha akafungiwa mlango. Alikuwa mwanamke mfupi, shingo imezama mabegani, macho makali na ulimi mkali zaidi. Ile salamu ya asubuhi, kamwene, ambayo wengine huivuta kama wimbo, yeye aliitupa kama mtu anayemtupia mbwa jiwe.

Kazi yake ilikuwa kusomba mbao. Huko Mufindi mashine ya kupasulia, ile wanayoiita dingdong, husimikwa katikati ya msitu, mahali ambapo lori haliingii. Kutoka hapo mbao husafiri juu ya vichwa vya wanawake mpaka barabarani, zikiwa bado mbichi, zinadondosha maji na utomvu hadi mgongoni. Mtu wa ofisi hukatwa akiba ya uzeeni kabla hajauona mshahara. Hulalamika ujana wake wote, na akistaafu hushukuru. Msomba mbao hakatwi kitu. Kinachokatika ni shingo.

Evarista aliliona hilo mwaka wake wa kwanza wa kazi, akiwa na miaka ishirini na nne na mtoto mchanga nyumbani. Aliwaona wanawake waliomtangulia, ambao hawakuweza tena kutazama nyuma bila kugeuza mwili mzima. Wengine wangewaonea huruma. Yeye aliwachukia, kwa sababu aliona ndiko anakokwenda, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameandaa mahali pa kukaa atakapofika.

Safari ya kwenda barabarani ilikuwa ya mzigo, lakini ya kurudi kichwa kilikuwa kitupu. Chini ya misindano mikubwa, msimu wa mvua, huota miche yenyewe kutokana na mbegu zilizodondoka. Wenyeji huiita maotea, na msimamizi wa kambi aliiona kuwa takataka, akawaacha wanawake wang'oe wapendavyo. Evarista aling'oa machache kila siku, akayafunga kwenye kitambaa kibichi, akayaweka juu ya ngata iliyotoka kubeba mbao. Swali likawa atayapanda wapi.

Kwa mila za ukoo wao mwanamke hulima mahindi na maharage popote apewapo, lakini mti hapandi. Mahindi huvunwa yakaisha. Mti hukaa, na aliyeupanda amekwisha kusema kwamba ardhi ni yake. Baba yake alimsikiliza, akacheka, kisha akampa mteremko wa mawe na magugu ambao hakuna mwanamume wa ukoo aliyeutaka. Alimpa mbele ya ndugu, wakiwa wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, na ndugu nao wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni kaka yake, Filemoni.

"Unapanda jeneza lako," alimwambia. "Hiyo miti itakomaa umeshaoza."

"Na wewe utazikwa kwenye nini?" alimjibu. "Kwenye kreti la bia?"

Filemoni alikuwa dereva wa lori la mbao, mrefu mpaka alilazimika kujikunja ili aingie nyuma ya usukani. Aliendesha kati ya Mafinga na Mbeya, na huko Iyunga, Mbeya, alikuwa na nyumba ya kupanga, mwanamke wa pili, na kiti chake maalumu kwenye baa iliyo kando ya barabara kuu. Lori lake likija kupakia, Evarista alikuwa miongoni mwa waliobeba. Filemoni hakushuka. Aliweka miguu juu ya dashibodi na kupiga kelele dirishani: "Kaza shingo, bibi! Mbeya wanasubiri!" Wanawake wengine walicheka, kwa kuwa alikuwa dereva na madereva hununua soda. Evarista hakucheka, wala hakusahau.

Alipanda mstari mmoja kila msimu wa mvua, akianzia juu ya mteremko na kushuka. Ile mistari ya kwanza aliipanda vibaya, miche mingine imepinda, mingine imebanana, maana hakuna aliyemfundisha. Kila kiangazi kabla ya upepo kuanza alilima barabara ya moto kuzunguka shamba, akikwangua hadi udongo mwekundu, kwa sababu majirani huchoma mashamba na moto hauulizi mipaka. Na kila mwaka alipogoa matawi ya chini kwa panga, akinyoosha mkono mpaka mwisho wake. Ngazi hakuwa nayo.

Mistari ya kwanza ilipofika unene wa paja, mume wake, Antoni, alileta mnunuzi wa milunda, ile miti michanga ya kujengea. Alitaka pikipiki.

"Bado," Evarista alisema.

"Bado mpaka lini? Tunakula ugali na chumvi, na mali imesimama hapo nje inatutazama!"

"Mali yako iko wapi? Nionyeshe mti mmoja uliopanda."

Antoni aliondoka mwaka huohuo kwenda Makambako, na hakurudi. Kijiji kizima kilisema msitu ndio uliomfukuza, na kilisema kweli. Evarista hakukana. Alibeba mbao zaidi ili mtoto asome, akaendelea kupanda. Aliyemhurumia alimtukana. Waliouza misindano yao ikiwa michanga, na walikuwa wengi, aliwapita barabarani bila kuwatazama. Wao wakatema mate baada ya yeye kupita.

Mwaka huu shingo ilikataa. Asubuhi moja aliinua mbao, ganzi ikashuka mkono wa kushoto mpaka vidoleni, na mbao ikaanguka matopeni. Msimamizi hakumgombeza. Alimwonyesha njia ya kurudi nyumbani tu. Alikuwa na miaka hamsini, na kesho yake hakuwa na kazi.

Habari hizo zilimfikia Filemoni haraka kuliko salamu. Yeye naye alikuwa amerudi kijijini tangu mwaka uliopita. Macho yake yalififia, mwenye lori akachukua funguo, na yule mwanamke wa Iyunga akabadilisha kitasa. Miaka yote ya usukani ilimwachia koti la ngozi na kikohozi. Hakuwa amepanda hata kichaka.

Mvua zilipokatika na barabara kukauka, Evarista alikuwa anachochea uji aliposikia msumeno wa moto ukiunguruma kwenye mteremko wake. Alichukua panga, akapanda.

Aliwakuta watatu: Filemoni na koti lake, kijana mwenye msumeno anayeupasha moto, na mnunuzi kutoka Iringa mjini, aitwaye Samwel, mtu mwenye mabuti ya mpira na uso usiocheka.

"Mnafanya nini hapa?"

"Kamwene kwanza, dada," alisema Filemoni.

"Sina kamwene. Nimeuliza mnafanya nini."

Filemoni akamgeukia mnunuzi. "Tajiri, usimjali. Nilimwachia ulinzi nilipokuwa barabarani. Sasa amezoea, anadhani vyote ni vyake. Kwa mila zetu mwanamke hapandi mti, uliza kijiji kizima."

"Ulinzi! Ulinilipa lini? Hata soda yako sijawahi kuionja."

"Unaona mdomo huo? Ndio uliomkimbiza mumewe."

Samwel hakuwa anasikiliza. Alikuwa anazunguka mti wa mstari wa juu kabisa, kichwa amekiinua, uso ameukunja kama mtu aliyepewa maziwa yaliyochacha.

"Mzee, unene upo, sikatai. Lakini ni nani aliyepogoa huu msitu? Mafundo yanaanzia chini mno. Watu wanapogoa mpaka mara mbili ya urefu wa mtu. Hapa juu kote nitapata mbao zenye macho."

"Nilipogoa mwenyewe," alisema Filemoni. "Miaka yote hiyo, kwa panga langu."

Samwel akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, na safari hiyo ya macho ilikuwa ndefu.

"Sogea hapa. Simama penye mti. Nyoosha mkono."

Filemoni akanyoosha. Kovu la mwisho la tawi lililokatwa lilikuwa shibiri moja tu juu ya kichwa chake. Mkono ulilipita, ukaenda zake juu.

"Na panga bado hujashika," alisema Samwel. Akautazama mti wa pili, na wa tatu, na mstari mzima. Makovu yote yaliishia palepale. "Ulikuwa unapogoa umepiga magoti, mzee? Msitu mzima, kama uko kanisani?"

Kijana wa msumeno akaangua kicheko, akazima injini ili acheke vizuri. Evarista alisimama mahali alipokuwa kaka yake, akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima, na ncha ya panga ikagusa kovu.

Samwel akasonya. "Umenipotezea mafuta ya lori, mzee. Una bahati nina haraka." Kisha, bila hata kubadilisha sauti, akamgeukia Evarista. "Haya mama, shikamoo. Tuongee mimi na wewe. Nauchukua wote. Unasafisha mteremko, unapumzika."

"Marahaba. Chukua mistari miwili ya juu."

"Lori haliji hapa kwa mistari miwili."

"Basi lirudi."

"Mama, nimesikia huna kazi. Mkono huo umekufa. Utakula nini?"

"Mwaka huu nitakula hiyo miwili. Mwakani nitakula inayofuata. Ya chini bado."

"Uza yote, mjinga wewe!" Filemoni alipaza sauti. "Unangoja nini? Ufe?"

"Nangoja nizeeke, kaka. Wewe ulizeeka ghafla."

Samwel alishuka mteremko, akapima kwa macho mistari ya chini, akarudi juu polepole. Kuna jambo alilokuwa akilitafuna, na halikumfurahisha. Ile mistari ya chini, iliyopandwa kwa nafasi nzuri na miche iliyochaguliwa na mwanamke aliyekwisha kuijua kazi, ilikuwa mizuri lakini myembamba. Hii ya juu, iliyopandwa hovyo na msichana asiyejua kitu, hakuweza kuikumbatia. Miwili hiyo ilikuwa na mbao nyingi kuliko mitano ya chini ikiwekwa pamoja.

"Hii uliipanda lini?"

"Nikiwa nanyonyesha."

Akasonya tena, akataja bei. Evarista akaikataa. Akataja nyingine huku akiilaani, na mti wa kwanza ukaangushwa kabla ya saa sita mchana.

Jioni lori lilipoondoka, Filemoni alikuwa ameketi kwenye kisiki, koti limejaa unga wa mbao.

"Utanipa chochote, Evarista? Mimi ni kaka yako."

"Kesho njoo na jembe. Barabara ya moto haijalimwa, na mimi siwezi tena. Nitakulipa kama ninavyomlipa mtu mwingine."

"Mimi nikulimie wewe? Kwa umri huu?"

"Mimi nilikupakilia lori."

Filemoni alimwita majina ambayo baba yao asingependa kuyasikia, akateremka kuelekea kijijini, na Evarista akamsikia akikohoa hadi chini ya bonde.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala kwenye misindano aliposikia jembe likigonga mawe. Alimaliza uji wake kwanza. Kisha akapanda taratibu, akapita nyuma ya kaka yake bila salamu, macho yakiwa chini, akikagua ukanda aliokwisha kuulima. Akasimama, akagusa ardhi kwa kidole cha mguu.

"Hapa umeacha majani. Moto utapita. Rudia."