Jirani wa Mawimbi Mafupi

Kwa miaka mitatu nilibishana na mtu nisiyemjua kwenye tovuti ya wapenda redio. Inaendeshwa na watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa kwake, na kazi yetu ni kuandika tumesikia kituo gani, saa ngapi, kwenye masafa gani, ili mwenzetu asihangaike kutafuta. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Kahororo, hapa Bukoba. Nikimaliza kusahihisha madaftari huwasha redio ya betri iliyofungwa waya mrefu unaotokea dirishani hadi kwenye mpera, nikasikiliza dunia.

Mtu huyo alikuwa mhakiki wa taarifa za Afrika Mashariki. Sote tulitumia majina ya kubuni. Kila nikituma taarifa aliniuliza kama nimesikia kituo kikijitaja, au nimekisia tu. Siku moja nilikuwa nimekisia kweli. Niliona haya, na tangu hapo nikawa makini.

Jumamosi moja mchana mawimbi yalijaa mngurumo, tukawa tunalalamika kwa kutumiana ujumbe. Ghafla umeme ukakatika. Majirani waliguna, mimi nikafurahi, maana mngurumo wa nyaya za umeme ukiondoka hata kituo hafifu husikika. Kabla sijaandika neno, ujumbe wake ukaingia kwenye simu: umeme umekatika huku, sasa redio ni safi kabisa.

Nikamuuliza huku ni wapi.

“Bukoba,” alijibu. “Miembeni.”

Nikamwandikia upesi kwamba niko Kahororo. Akanielekeza dukani kwake, nami nikaenda saa ileile. Nilimkuta mzee wa Kihindi anayeuza vifaa vya umeme, duka la tangu enzi za babu yake. Nilimfahamu. Ndiye aliyeniuzia waya, nami kwa kuona aibu ya kueleza nilimwambia nataka wa kuanikia nguo.

“Kumbe ule waya haukuanikiwa nguo, Mwalimu,” alisema, akacheka mpaka akavua miwani.

Mkewe alituletea chai. Mzee akanieleza kwamba tangu watoto wao wahamie ng'ambo, hakuwa amezungumza habari za redio na mtu ana kwa ana.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Muleba kwa mama yangu, ambako kibanja chake cha migomba kiko mbali na nyaya za umeme. Mama alininong'oneza kwa Kihaya kama mgeni anakula ndizi za kupika. Mzee akamjibu mwenyewe, kwa Kihaya kizuri kuliko changu, kwamba amekua akizila. Mama alicheka akakaa chini.

Tulifunga waya kutoka kwenye mfenesi hadi paa la jiko, mama akituelekeza tusivunje mibuni yake. Jioni, jua lingali juu kidogo, tukamnasa mwanamke mwenye redio ya ridhaa, ya kurushia sauti kutoka nyumbani kwake, akijitaja na kuita polepole kutoka kisiwani, mbali katika Bahari ya Hindi. Mama aliuliza anamwita nani. Nikamwambia yeyote anayemsikia.

“Basi mjibuni.”

Tukamweleza kwamba hatuna leseni ya kurusha sauti, ila kupitia tovuti tunaweza kumjulisha kwamba amesikika. Mzee akaanza kujaza fomu kwenye simu yake. Alipofika penye idadi ya wasikilizaji aliandika wawili.

“Na mimi nimemsikia,” mama alisema.

Mzee akafuta, akaandika watatu.