Unga Ulioachwa Kaunta

"Lakini Bibi, kwani bei napanga mimi?"

Ndivyo nilivyomjibu leo baada ya alasiri, tena kwa ukali. Bibi alikuwa anamenya mihogo nje ya jiko letu hapa mjini Masoko. Nilikuwa nimemsimulia yaliyonikuta dukani nikitegemea atanihurumia mimi. Akamhurumia mzee.

Yaliyonikuta ni haya. Nauza kwenye minimaketi, kaunta, na siku hizi niko peke yangu, mwenzangu kapunguzwa. Bei zinapanda kila wiki, tajiri, mwenye duka, akachoka kubandika mpya, akaniambia nibandue karatasi zote kwenye rafu. Kwa hiyo mteja anaijua bei akishafika kwangu, na hasira zote zinaniishia mimi. Mshahara ni uleule. Mimi mwenyewe mafuta nanunua ya kupimiwa kwa jirani, ya pale dukani siyawezi.

Leo kaja mzee mmoja wa kisiwa cha Songo Songo, kaweka unga, sukari, mafuta na sabuni, anawahi boti. Pesa yake haikufika. Nyuma foleni. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Mzee, haitoshi hiyo, punguza vitu." Akatoa sabuni. "Bado." Akatoa mafuta. "Bado, Mzee, wenzako wanasubiri." Kuna mtu nyuma akacheka. Mzee akasema anakwenda mara moja kwenye boti kuchukua pesa nyingine. Akaacha vyote, mpaka unga ambao pesa yake iliutosha. Hakurudi.

"Ulimwamkia?" Bibi akaniuliza.

"Nilimwamkia."

"Ukampa shikamoo, halafu ukamvua nguo mbele za watu."

Nikataka kuinuka niondoke. Akanishika kanga. "Kaa, mke mwenzangu. Haraka hiyo umeichukua kwa babu yako, na yeye haikumfikisha popote."

Nikakaa. Bibi akisimulia hakimbii, anamenya muhogo mmoja mzima ndipo anaendelea, na mimi roho inanitoka.

"Ipo siku moja siisahau, mjukuu wangu. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, nauza duka la mjomba kule Kilangala. Msimu wa korosho watu wakishika pesa, mjomba anapandisha kila kitu. Msimu ukiisha, hashushi. Akaja mama mmoja jirani yetu wa shamba, na bakuli lake, anataka sukari. Nikampimia, nikamtajia bei mpya. Akasema basi, nipunguzie, nipe nusu. Mimi nikaimwaga yote kwenye gunia, nikamwambia asiye na pesa asinichoshe mikono. Nilitaka mjomba asikie kwamba kazi naijua. Yule mama akafunika bakuli tupu kwa kanga yake, akatoka.

"Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Tangu siku ile akipita dukani ananisalimia vizuri tu, anauliza na hali ya mama yangu, kisha anakwenda kununua kijiji cha pili. Misimu mitatu namwona anapita, na sikuwahi kusema nisamehe."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa najiambia hayohayo unayojiambia wewe. Kwani bei napanga mimi?"

Akaniachia kanga, akaanza kuokota maganda.

"Sikiliza, mwanangu. Tajiri wako ataweka bei anayotaka, hilo humuwezi. Lakini mtu asije akaijua bei huku macho ya watu yote yako kwake. Aijue mapema, akiwa peke yake, apange moyoni achukue nini na aache nini. Na akipungukiwa, inama, sema naye taratibu, kama unavyosema na mimi nikisahau kama nimekunywa dawa. Na ukikosa, omba radhi siku hiyohiyo. Ukiiacha ikalala, kesho yake mdomo unakuwa mzito, na kesho kutwa zaidi."

"Nitafukuzwa kazi, Bibi." Na ni kweli. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha sisi wawili.

"Unaweza kufukuzwa," akasema. Hakunidanganya. Akaangalia beseni lake. "Mihogo ipo."

Tukacheka. Akaniwekea kichwani mkono wake wenye maji ya mihogo, nywele zangu nimezisuka jana tu, na sikuutoa. "Mungu akukinge na njaa, mjukuu wangu, na akukinge na ulimi wako. Na yule mzee akukutanishe naye mapema, kabla hajazoea kununua kwingine."

Nimeshakata boksi la biskuti na kalamu nene nimeazima. Kesho nafungua saa moja, tajiri hufika saa tatu. Nitaandika bei za unga, sukari, mafuta na sabuni, herufi kubwa, boksi nilisimamishe nje upande wanaopita watu wa boti. Nikimwona yeyote wa Songo Songo nitamuulizia yule mzee, nimpe salamu zangu na ombi langu la radhi ampelekee. Na tajiri akiuliza nani kaandika, nitamwambia ni mimi.