Swichi Upande wa Abiria

Harufu ya mpira uliopata moto, imechanganyika na kutu iliyochemka: hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba yangu mwaka ule wa jua. Wenzangu baba zao walinuka tumbaku, wengine jasho la shamba. Wangu alinuka rejeta. Akiingia jioni, kabla hajavua kandambili, nyumba nzima ilikuwa imeshajua kwamba gari limechemka tena. Nilikuwa na miaka kama tisa. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa kule Mazingara, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya shamba la serikali, na maji hakuna. Lambo lilikuwa limebaki tope lenye nyayo za nguruwe pori. Tulikula unga wa njano wa msaada, tuliouita yanga, na ugali wake ukiupika kwa maji ya kubania unakwama kooni kama mchanga. Kijiji kilikuwa na pikapu moja iliyochoka, na dereva wake alikuwa baba. Alipeleka mizigo ya kijiji Korogwe, akarudi na mapipa ya maji. Sisi watoto tuliisikia ikikohoa kwa mbali, tukatoka mbio tukipiga kelele, "Mazi! Mazi!" maana kwa Kizigua maji ndiyo mazi, na kina mama wakaanza kupanga ndoo na kusukumana.

Shida ilikuwa moja. Mapipa yaliondoka Korogwe yamejaa, yakafika kwetu yamepungua. Kila kilima gari lilichemka, na baba hakuwa na la kufanya ila kusimama, kufungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, na kuchota maji humo humo kwenye mapipa. Alilieleza hilo mara nyingi. Lakini kina mama hawakuviona vilima, waliliona pipa tu, na mtu mwenye kiu hasikii maelezo. Maneno yalianzia kwa Mama Semboja, jirani yetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mbuzi akiwa kilima cha pili. "Gari linalokunywa kuliko ng'ombe mmeliona wapi?" akasema mbele ya ndoo zote. "Huyu ana mwanamke njiani, pale Segera, anamjazia mitungi kwa maji ya watoto wetu." Wakaitikia kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kamati ya kijiji nayo ikamwambia baba maji yakiendelea kupungua atarudisha ufunguo. Ufunguo angeurudisha. Kilichomkata maini ni mama. Tangu maneno yale yaanze, mama alimwekea chakula, akatoka nje asikae naye.

Asubuhi moja mama akanifunga kitambaa kichwani, akanisukuma mpaka mlangoni mwa gari. "Leo Mwanaidi atakwenda na wewe," akamwambia baba, na hakusema kwa nini. Baba alijua. Hata mimi nilijua. Nilipelekwa kuwa jicho. Tukaenda tukichemka na kusimama, tukichemka na kusimama, mpaka Korogwe, na badala ya kwenda moja kwa moja kupakia maji, baba akapindia mtaa wa Kilole kwa fundi. Fundi huyo alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa manamba aliyekuja kukata mkonge, na sisi Wazigua ni watani wao. Mtani hana salamu ya kawaida. Alipotuona na ule mvuke akafuta mikono kwenye suruali, akauliza, "Mzigua, umekuja na gari au na birika? Haya, sukari iko wapi?"

"Nyamaza wewe," baba akamjibu. "Nyinyi kazi yenu tangu zamani ni kubeba mizigo. Nibebee huu." Wakacheka mpaka fundi akakaa chini. Sikuwa nimemwona baba akicheka siku nyingi.

Feni ya pikapu ilikuwa imekatika mapanga, na vipuri miaka ile ulivisikia tu kwa jina. Fundi alikuwa na feni ya umeme aliyoitoa kwenye gari dogo lililopinduka karibu na Mombo. Akaifunga mbele ya rejeta kwa bolti na vipande vya tairi kuukuu. Akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, na kwa kuwa swichi ya gari hakuwa nayo akaleta swichi ya taa ya nyumba, nyeupe, ile ya kubonyeza juu na chini. Alipoiwasha feni ikazunguka vizuri, ila baada ya muda swichi ikapata moto, ikaanza kunuka. Akaizima, akakuna kichwa, kisha akang'oa rilei ya honi, kile kidude kidogo kinachopeleka umeme kwenye honi, akakiunganisha na feni. Nikamwuliza, "Shikamoo fundi, hicho cha nini?" Akaniitikia marahaba, akasema, "Mjukuu, swichi sasa ni kama mwenyekiti wa kijiji. Inaamrisha tu. Mzigo anabeba huyu." Baba akamwonya asitufundishie watoto siasa. Hivyo gari likapata feni, likapoteza honi. Halafu waya ukaisha. Ulifika upande wa abiria, ukagoma hapo, na dukani mwingine hakuna. "Abiria atawasha," fundi akasema. Baba akamwambia hana abiria. "Basi tafuta. Mzigua gani anakosa mtu wa kusogoa naye?"

Safari ya kurudi niliwasha mimi. Baba akisema "washa" nabonyeza, feni inavuma kama mzinga wa nyuki, tunapanda kilima chote bila kusimama. Mapipa yakafika yamejaa mpaka mdomoni. Nilidhani tutashangiliwa. Kina mama wakachungulia, kisha Mama Semboja akapiga makofi mara moja. "Si mnaona? Leo kafuatana na mtoto, kapita Segera macho mbele kama askari. Pipa limejaa. Siku nyingine linapungua kwa sababu gani?" Nikamwambia nimeona gari likinywa, nimeona feni ikifungwa, nimewasha mwenyewe. Akanitazama kutoka juu. "Wewe nyamaza. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Mama alikuwa amesimama palepale na ndoo yake. Hakunitetea, na hakumtazama baba. Basi yale maji yaliyojaa ndiyo yakawa ushahidi dhidi ya baba. Baba hakupandisha sauti. Akasema, "Mama Semboja, swichi iko upande wa abiria, mkono wangu haufiki. Safari ijayo panda wewe uwashe."

Akapanda. Alikuja amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kugombana, mimi nikabanwa katikati yao. Kwenda aliwasha kila alipoambiwa. Kurudi, mapipa yamejaa nyuma yetu, tulipofika kilima cha kwanza baba akasema, "Washa." Mama Semboja akakunja mikono kifuani. "Siwashi. Nataka kuona." Baba hakubishana, akaendelea kupanda. Nikaanza kuisikia ile harufu, kisha mvuke ukaruka kutoka chini ya boneti, gari likatetemeka likafa katikati ya mwinuko, baba akatafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Tukangoja injini ipoe. Akafungua mfuniko, maji machafu yakapiga chafya, akamkabidhi Mama Semboja kopo. "Chota." Akachota, akamimina. Rejeta ikagugumia. Akachota tena. Mwanamke yule alikuwa amebeba maji kichwani tangu utoto, kila kopo alilijua ni la nani: hili la uji, hili la mgonjwa, hili la kuoshea maiti. "Bado linataka?" akauliza. "Bado," baba akasema. Akamimina mpaka rejeta ikajaa. Kisha akarudi kwenye kiti, akawasha swichi kabla hajaambiwa, na kidole chake hakikuondoka hapo mpaka kijijini. Na kwa kuwa honi hatukuwa nayo, alitoa kichwa dirishani akawafokea ng'ombe wa Wamasai: "Pisheni! Gari la maji hili!" Wakapisha.

Tulipofika hakusubiri wachungulie. Akapanda juu ya mapipa, akasema, "Maji yaliyopungua leo nimeyamwaga mimi, kwa mkono huu. Yule mwanamke wa njiani nimemwona. Ana magurudumu manne, na leo nimemnywesha mwenyewe." Kicheko kilichopigwa hapo kilifika mpaka mashambani. Baba alibaki kwenye usukani ameinama, anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Jioni Mama Semboja alileta kuku hai, akamshikisha mama miguu ya kuku huyo, akaondoka bila kukaa. Mama alimchinjisha, akapika, na sahani ya baba aliipeleka mwenyewe, firigisi juu ya ugali wa yanga mahali pa kuonekana, kisha akavuta kigoda akakaa. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba aliitazama kwa muda kabla ya kuila.

Siku hizi naishi Korogwe kwa mjukuu wangu. Gari lake linajiwasha feni lenyewe, yeye hata hajui iko wapi, na sisemi kwamba ni vibaya. Nimesukuma magari ya kutosha. Maji nayo yanatoka bombani, yakikatika linakuja lori la matangi. Juzi juzi watu walimsema dereva wa lori hilo kwenye simu zao, kwamba anauza maji njiani. Asubuhi maneno yameanza, jioni kijana hana kazi, na mkewe kashasikia. Mjukuu wangu alinisomea maneno yote, yalikuwa mengi, na kila mtu alikuwa na uhakika. Nikamwuliza kati yao ni nani aliyepanda lori na dereva huyo. Akarudi kuyapitia tena kwa kidole, toka juu mpaka chini, akaniambia, "Hakuna, Bibi."