Kila Nyumba Kumi na Waya Wake

Nilikuwa mjinga wa umeme wa magari, lakini nilikuwa na kiburi cha mtu aliyewahi kuifungua redio ya kijiji, akaifunga, na ikaimba. Kwa sifa hiyo moja tu, mkutano wa kijiji chetu cha Ujamaa huku Mamba, milimani Upare, uliamua kwamba mwalimu wa elimu ya watu wazima, yaani mimi, ndiye atakayetandaza upya nyaya za lori.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, la pua ndefu, limetoka kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Injini ilikuwa nzima. Kilichokufa ni nyaya, maana panya walikuwa wamezitafuna mpaka zikabaki vipande. Dereva wake, mzee aliyekuja kutoka Kigoma ujana wake kukata mkonge na hakurudi tena kwao, aliunga waya mmoja wa kuwashia injini, akalipandisha mlimani mchana kweupe bila taa wala honi. Alipofika alishuka, akalipiga bodi kwa kiganja na kusema, "Moyo anao. Macho na sauti mtamtafutia wenyewe."

Sharti lilikuwa fupi. Ijumaa angekuja bwana mmoja kutoka wilayani, Same, kulikagua. Taa, taa za breki na honi zikifanya kazi, lori ni letu. Zisipofanya, linapelekwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu likabebe samaki.

Wengine waliliona lori kuwa ni maendeleo. Mimi niliona shingo ya mama. Tangu ninabebwa mgongoni, mama alikuwa akishuka mlima na tangawizi kichwani, siku za soko, kwenye njia ambayo hata mbuzi huitafakari kwanza. Sasa shingo ilikuwa imeanza kugoma. Ukimwita, aligeuka mwili mzima, kama anayegeuza kabati. Nilikuwa nikimwona akigeuka hivyo hasira zinanipanda, na sikujua nimkasirikie nani.

Waya tuliopata ulikuwa bunda moja, wote mweusi. Dereva alinifundisha kwa siku mbili, kwa maneno machache. "Waya ni njia, mwalimu. Jua unatoka wapi na unakwenda wapi, basi." Nikaandika namba kwenye vikaratasi, nikajiona nimeshakuwa fundi.

Kisha baragumu la msaragambo likapigwa.

Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja, sisi Wapare. Ukichimbwa mfereji au ikilimwa barabara, kila nyumba hutoa mtu, na kila mtu hupimiwa kipande chake. Hakuna wa kukaa kando akitazama. Mabalozi, viongozi wa kila nyumba kumi, wote tisa, walinikuta chini ya lori na mafuta usoni. Mkubwa wao akasema, "Mwalimu, gari ni la wote. Haiwezekani ufanye peke yako, sisi tukae kama wageni. Tupimie."

"Niwapimie nini, wazee wangu? Huu si mfereji!"

"Nyaya zilizobaki ni ngapi?"

"Tisa."

"Sasa si umeshapima?"

Nilibishana mpaka sauti ikanikauka. Umewahi kushindana na Wapare tisa waliokwisha kukubaliana? Dereva alicheka akakaa kwenye tairi. Ikawa kila nyumba kumi na waya wake, kuutandaza kutoka mwanzo hadi mwisho, na sehemu za kufungia wakaonyeshwa kwa kidole. Waya wa honi uliangukia nyumba kumi zetu, na huo niliufunga kwa mkono wangu, tena wa kwanza, ili wengine waone kazi inavyofanywa. Kina mama wakaja na vitambaa vilivyochanwa kwenye khanga kuukuu, kila kundi likafunga cha kwake kwenye ncha za waya wake. Nikawaambia vikaratasi vyangu vinatosha. Hawakunibishia wala hawakuacha kufunga.

Ijumaa bwana wa wilaya alifika. Taa za mbele zikawaka, watu wakapiga vigelegele. Taa za nyuma zikawaka. Dereva akakanyaga breki.

Honi ikalia.

Akakanyaga tena, ikalia tena, ndefu, mpaka kuku wakatawanyika. "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo!" mmoja akapaza sauti, na kijiji kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilisimama mbele ya wazazi wangu wote wale nikafoka, "Haya ndiyo matunda ya kugawana waya kama mfereji! Itabidi nifungue zote nianze upya!" Bwana wa wilaya akatazama saa. Alisema atakunywa chai kwa mwenyekiti, akirudi akute limepona, la sivyo anaondoka nalo.

Niliingia chini ya dashibodi. Nyaya tisa nyeusi tupu. Vikaratasi vyangu vilikuwa vimelowa mafuta, namba zote zimefutika.

"Achana na karatasi," dereva alisema. "Waite wenyewe."

Wakaja mmoja mmoja, na mpaka leo sijaona wanafunzi kama wale. "Wetu ni huo wa maua mekundu. Unapita chini ya ubao wa tatu, unakata kona penye bawaba, unaishia taa ya kulia." Nikafuata kwa mkono, ni kweli. Watu ambao darasani kwangu walihangaika na herufi walikuwa wameusoma waya wao inchi kwa inchi, kwa sababu kila mmoja alipewa mmoja tu autunze. Mimi niliyezijua zote sikuujua hata mmoja.

Wa waya wa breki walipofika, mama mmoja alisema kwa upole, "Sisi tulikuta pahali petu pameshakaliwa, tukafunga palipokuwa wazi."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe si ndiye fundi? Tukajua umebadilisha."

Dereva, aliyejua sisi Wapare tunavyosifika kwa kupenda kesi, akapiga kofi paja lake. "Wapare mmekuta mtu kwenye kiwanja chenu na hamkwenda mahakamani? Dunia imekwisha!"

Niliushika waya uliokuwa umekalia pahali pasipo pake. Kitambaa chake kilikuwa cha bluu iliyofifia, kigumu kwa jasho. "Huu wa nani?" niliuliza kwa ukali. Mabalozi wanane wakakana, wa kwetu akanionyesha kitambaa kwa kidole. Nikakileta karibu na macho, na harufu ya tangawizi ikanifikia kabla sijakitambua. Ilikuwa kipande cha ngata ya mama, kile kitambaa alichokisokota na kukiweka kichwani chini ya mzigo. Waya ulikuwa wetu, wa honi, ule nilioufunga mwenyewe kuonyesha mfano.

Nilichungulia nje. Mama alikuwa kati ya watu, kichwa wazi.

"Mama, umeichana ngata?"

"Nimeichana."

"Na lori wakilichukua?"

Akageuka mwili mzima kunitazama vizuri. "Basi nitabeba bila ngata, mwanangu. Funga waya."

Nilibadilisha ncha mbili, kazi ya muda mfupi kuliko matusi niliyokuwa nimewavurumishia. Bwana wa wilaya akarudi. Breki ikakanyagwa, taa nyekundu zikawaka kimya. Honi ikabonyezwa, ikalia. Akatia sahihi. Niliwaomba radhi wote, na mkubwa wa mabalozi akaniambia radhi nayo ni kazi ya pamoja, nisiimalize peke yangu.

Siku ya soko mama alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia ya tangawizi yake. Shingo haikupona, aliendelea kugeuka mwili mzima mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini ngata nyingine hakusokota.