Vitabu vya Hadithi Miaka ya Hali ya Hatari

Kazi ya kuwapelekea watoto vitabu vya hadithi, ambayo nimeifanya hadi nikazeeka, niliianza wakati ambao hakuna mtu mzima Nakuru aliyemwamini mwenzake. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Wakikuyu iliowadhania waasi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, tumetoka upande wa magharibi, na kwa kuwa hatukuwa Wakikuyu, askari walinisimamisha barabarani kidogo tu, wakaniacha nipite. Kanisa lililonisomesha ualimu likanipa sanduku la bati lenye vitabu vyembamba vya Kiswahili, vyenye picha, nivizungushe kwenye shule za mashamba ya wazungu. Sikufikiria kwamba huko kupita kwangu bila taabu ndiko kungewafanya watu waniogope.

Shamba nililolipenda zaidi lilikuwa la kahawa, Subukia. Nilifika huko kwa lori la maziwa. Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na watoto wa wachuma kahawa hawakuwahi kuona kitabu kingine zaidi ya kile cha silabi na cha katekisimu. Niliposoma hadithi ya mbuzi aliyekataa kurudi zizini, walicheka mpaka wakalaliana. Msichana mmoja mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko umri wake, aliniomba kitabu akisome mwenyewe. Akakisoma chote bila kukwama.

Wiki iliyofuata nilikuta Land Rover ya polisi imesimama mbele ya shule. Nyapara wa shamba alikuwa pembeni, anatazama miti ya kahawa kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Nikapelekwa kituoni na sanduku langu. Inspekta, mzungu kijana mwenye uso ulioiva kwa jua, alikitoa kitabu kile kile.

"Hii mbuzi ni nani?" akaniuliza.

"Ni mbuzi, Bwana."

"Kwa nini hapana taka rudi boma?"

"Anapenda majani ya nje."

"Nani nafundisha yeye kukataa?"

Nikamwambia hakufundishwa na mtu, na kwamba mvua inaponyesha anarudi mwenyewe, ameloa, na mamake anamkausha. Alifungua ukurasa wa mwisho, akaitazama kwa muda mrefu picha ya mbuzi aliyeloa. Hakuridhika. Kitabu akakiweka ndani ya dawati lake, vingine akanirudishia, na Land Rover ile ile ikanirudisha shambani kabla ya jua kutua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanawake walikuwa wakitoka kuchuma. Walimwona mtu aliyechukuliwa na polisi asubuhi akishuka jioni, hana hata alama ya kipigo, amebeba sanduku lake. Hawakunisalimu. Nilipokuja tena, chumba kilikuwa kitupu. Mwalimu wa pale aliniambia watoto wanaumwa. Wote? nikamwuliza. Akasema ni homa, na hakunitazama usoni. Nilijiuliza kama ni yeye aliyempelekea inspekta habari za mbuzi, ama ni nyapara. Mpaka leo sijui.

Jambo lililonisumbua zaidi ni kwamba wanawake wa pale walikuwa wananitazama miguu. Kila nilipopita njiani, macho yao yalishuka chini. Sikuelewa, mpaka mama wa yule msichana mwembamba alipokuja kunisimamisha nje ya shule. Mume wake alikuwa amechukuliwa siku ile watu walipopangwa mstari mbele ya mtu wa kuwaonyesha polisi waasi, aliyevikwa gunia lililotobolewa macho, miguu tu ikionekana. Yule wa gunia alitikisa kichwa tu kukubali, na mume akaondolewa.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kawaida, "vua viatu."

Nikavua. Wengine walikuwa wamesimama nyuma yake na vikapu vyao. Aliitazama miguu yangu, mbele, kisha akazunguka nyuma. Sitasahau ubaridi wa udongo ule. Hakusema ni yenyewe, wala hakusema siyo.

"Sasa nipe kitabu kimoja. Nitachagua mimi."

Yeye hakujua kusoma. Alichukua kitabu cha msichana aliyepotea sokoni, akampeleka binti yake nyuma ya ghala, akamwambia asome. Kisha akamwita mtoto mwingine, wa jirani, naye akasomeshwa maneno yale yale kule upande wa mto, mbali na mwenzake. Aliporudi alinikabidhi kitabu mkononi.

"Wote wamesema kitu kimoja. Kitabu hakina neno," akasema. "Wewe bado sijakujua."

"Nitakuja Alhamisi, mama," nikamjibu.

Alhamisi watoto walikuja. Na yeye alikuja, akaketi mlangoni kati yangu na wao, anasuka kiondo, kikapu cha kamba. Alikuja kila nilipokuja. Mwanzoni nilisoma kwa woga, nikihisi kila neno linapimwa. Nami nikaanza kumshuku: labda amewekwa hapo na nyapara, labda kila ninachosema kinafika kwa inspekta. Tulikaa hivyo, mmoja akimchunga mwenzake, na watoto katikati hawana habari.

Siku moja lori la maziwa lilipiga honi kabla sijamaliza. Nikafunga kitabu na kuanza kupanga sanduku. Yule mama hakuinua uso kutoka kwenye kiondo chake.

"Huyo msichana wa sokoni," akasema polepole, "alifika kwao?"

"Nitamalizia Alhamisi ijayo."

"Soma sasa."

Nikaketi tena. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, akaondoka na maziwa yake. Nilisoma hadi mwisho, na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, mama yule alinikaribisha kwake nikanywa uji, ingawa mlango wa nyumba aliuacha wazi.