Dada Yangu na Mgombea wa Kwenye Theluji

Wakati wa baridi hapa Ibra, Oman, sisi watu wazima tunalifuata jua kama paka. Asubuhi linapiga ukuta wa upande wa kisima, basi na mkeka uko hapo. Likisogea, na mkeka unasogea, mpaka adhuhuri tumeshafika mlangoni pa jiko bila ya mtu kujua nani kaamua. Mie kwenye mkeka huo mara nyingi huwa nusu nimelala. Nnawasikia watu wakizungumza kama unavyoyasikia maji ya falaji yakipita kwenye mfereji nyuma ya mitende, na maneno yao yanaingia ndotoni mwangu bila ya kupiga hodi. Kwa hivyo haya nnayokuhadithieni mengine nimeyasikia na mengine nimeyaota, lakini dada yangu yupo, na jirani yangu yupo, na mambo yalikuwa.

Dada ni mkubwa wangu. Tulikuja huku kutoka Unguja, yeye msichana, mie bado mtoto, na mpaka leo ananiambia nifunge vifungo. Alimlea mjukuu wake wa kike tangu ananyonya, maana wazee wake wakifanya kazi Maskati, wakija mwisho wa wiki na mifuko ya nguo chafu. Mtoto akakua kwenye mkeka huu huu. Akasoma, akapata nafasi ya kwenda Marekani, akamaliza. Tukasema sasa anarudi. Hakurudi. Alikuwa kamfuata mwanamke mmoja anayegombea urais wa huko, akimfanyia kazi ya kupita mlango kwa mlango kumuombea kura.

Huyo mwanamke sisi tukimwita Mwalimu, kwa kuwa zamani alisomesha skuli. Mwembamba, ana miwani, akizungumza hunyanyua kidole utadhani atakuuliza hesabu. Mpinzani wake tukimwita Meno. Mtu huyo hafungi kinywa, hata akisimulia msiba. Wote wawili wa chama kimoja, pamoja na wengine ambao hatukuwapa majina. Kule, kabla ya uchaguzi wenyewe, chama huchuja watu wake jimbo baada ya jimbo, na mchujo wa mwanzo uko kwenye jimbo dogo lenye theluji, dogo kabisa, lakini dunia nzima inalitazama kwa sababu ndilo linaloanza.

Mtoto alimwambia bibi yake waziwazi. Mwalimu akifanya vyema kwenye mchujo huo, yeye anakwenda naye majimbo yote, mwaka mzima. Akianguka, anapanda ndege anarudi Ibra.

Sasa jirani. Jirani ni mtu wa Tabora, fundi umeme aliyestaafu. Alikuja Oman keshaoa, Kiarabu hajui hata cha kuombea maji, basi akajifunza desturi za hapa moja moja kama mtu anayejifunza sala, na sasa hazikosei. Sisi tuliomtangulia tunapunguza. Yeye hapunguzi. Na yeye alikuwa upande wa Meno.

"Bi mkubwa, chansi za Mwalimu wako ni ndogo," alimwambia dada siku moja kabla ya kura, tumekaa baada ya alasiri. "Nimetazama poli zote. Meno yuko mbele."

"Hizo poli ndio nini?"

"Wanawapigia watu simu, wanawauliza, wewe utampa nani."

"Na wewe ukipigiwa simu na mtu humjui, utamwambia siri yako?"

"Mimi nitamwambia."

"Ndio maana ya chumbani kwako tunayajua mtaa mzima."

Jirani akacheka, lakini hakuachia. Akasema Meno keshakunywa supu kwenye kila mkahawa wa jimbo lile, kwenye televisheni tumemuona, na mtu humpa kura aliyekaa naye akala naye. "Mwalimu wako umemuona anavyokula? Kijiko kakishika kama dawa."

"Kwani wanatafuta rais au wanatafuta mgeni wa karamu?"

"Na akianguka hapo mwanzo, khalas. Kama mnada wa mbuzi Nizwa siku ya Ijumaa. Yule wa kwanza kuzungushwa akikosa mtu, na wa nyuma yake wanashuka."

Hapo mie nikaamka. Nikawaambia siku moja nilikwenda mnada huo nikamnunua mbuzi wa kwanza kuzungushwa, mzuri, macho kama mtu, tulipofika Ibra akakataa majani wiki nzima, akala kanga ya mke wangu, wakati huo yu hai, iliyokuwa kambani. Mke wangu akasema mbuzi huyo hachinjwi, keshakuwa mtu wa nyumbani.

"Sasa hiyo inahusu nini?" dada akaniuliza.

"Haihusu," nikasema, nikalala tena.

Wakaendelea. Nilikuwa nikiwasikia kwa mbali. Dada akimtetea Mwalimu kwa kila kitu, kwa sauti yake, kwa viatu vyake, kwa mumewe aliyekufa, na jirani akijibu kwa poli. Mtu asiyewajua angesema huyu mwanamke anampenda mgombea wake kuliko roho yake.

Jirani alipokwenda kuswali magharibi, dada akakunja buibui lake magotini, akaniambia, "Unajua namuombea nani mie?"

"Mwalimu."

"Simuombei. Naogopa kumuombea ashinde, na naogopa kumuombea ashindwe. Nimemwambia Mungu, Wewe unajua."

Macho ya dada yanakwenda, yanaingia giza pembeni kidogo kidogo, kama chumba mtu anapofunga madirisha moja moja. Daktari kamwambia yaliyokwenda hayarudi, yaliyobaki ndio tutayalinda. Mtoto anajua lakini hajui kiasi gani. Dada anataka amuone uso mzima, amuone anavyoingia mlangoni, si baada ya mwaka.

"Basi mwambie arudi," nikasema.

"Nimwambie nini? Uwache ulichokipenda, uje unitazame mie nikitafuta kikombe?"

Asubuhi yake nilikuwa kwenye mkeka mapema. Wamarekani wakilala ndio sisi tunaamka, kwa hivyo habari tulizitegemea wakati wa kahawa. Jua lilikuwa jembamba, na falaji ilikuwa ikitoa mvuke kama inavyofanya siku za baridi, maji yake vuguvugu. Ule mvuke ukanichukua. Nikaona mchanga wa jangwa la Bidiya umeangukiwa na theluji, vilima vyote vyeupe, hakuna hata alama ya gurudumu, na Mwalimu anapita juu yake na kikapu cha chaki, na mtoto wetu nyuma yake. Mlango ukitokea peke yake kwenye mchanga, anaugonga. Nikamwita. Theluji ikala sauti yangu. Hakugeuka, lakini sikusikitika. Kulikuwa na utulivu ambao sijui niuite nini, kama mtu kaweka mkono wa baridi kwenye paji langu la uso.

Nikaamshwa na salamu. Jirani kaja. Kwake kuna televisheni inayoshika stesheni za huko, na alikuwa ametazama tangu alfajiri. Kwa hivyo yeye alikuwa anajua.

"Waalaikumu ssalamu," dada akajibu. "Habari?"

"Njema, bi mkubwa."

"Ulumu?"

Hiyo ndiyo desturi ya Waomani. Mgeni huulizwa ulumu, yaani ana khabari gani, na hujibu kwamba hana, ni kheri tupu, hata kama nyumba yake inaungua. Kwanza tende, kwanza kahawa. Mtu hatupiwi khabari mlangoni.

"Hakuna ulumu," jirani akasema. "Kheri tupu."

Nikamtazama usoni. Mtu mwengine angeponyokwa. Yeye akakaa, akanawa, akala tende tatu, akapokea kikombe. Dada akammiminia. Akanywa. Akammiminia tena. Akanywa, akakitikisa kikombe, ndiyo alama ya kwamba inatosha. Dada akamiminia.

Jirani akakitazama kile kikombe, akanitazama mie. Miaka yote aliyokaa huku hajaona mtu akimiminia kikombe kilichotikiswa. Akanywa hivyo hivyo, kwa heshima, akatikisa tena. Na dada akanyanyua tena birika.

"Dada," nikasema.

Akaliweka chini.

"Haya," akasema. "Ulumu?"

"Meno kachukua," jirani akasema polepole, bila ya kucheka, bila ya kutaja poli. "Mwalimu wa tatu."

"Alhamdulillahi," dada akasema, na akaanza kupangusa mkeka mahali ambapo hapana kitu. Uso wake ulikuwa umefunguka. Nilimuona akiwa msichana wa zamani, nnaapa. Akaniuliza kama chumba cha nyuma kina godoro au tumelitoa.

Simu ikalia akiwa bado anauliza. Akaifungua sauti, tusikie sote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Baadaye hakukuwa na maneno, kilio tu. Mtoto analia kama alivyokuwa akilia mdogo, anameza hewa, na Kiswahili chake ndicho kile kile cha watoto waliozaliwa huku, kimevunjika.

"Tumeanguka, bibi. Nimegonga mlango mingi sana. Watu ilinifungulia, ikanipa chai. Walisema watampa."

"Pole, mama. Pole."

"Watu wengi inarudi kwao. Mwalimu anasema yeye atakwenda jimbo nyingine, hata akibaki na gari moja. Ameniuliza. Nimesema namuuliza bibi yangu kwanza. Tikti ninayo. Nije, bibi?"

Jirani aliinamisha kichwa. Mie nikafumba macho, nikasema kimoyomoyo, sema ndio, dada, sema.

"Yeye Mwalimu analia?" dada akauliza.

"Halii. Yuko jikoni anaosha vikombe ya watu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Dada akakigeuzageuza kile kikombe cha jirani mpaka mtoto akaita, "Bibi?"

"Nipo. Kwa nini humsaidii?"

"Nazungumza na wewe."

"Basi nenda kamsaidie kuosha. Halafu nenda naye huko kwengine."

"Na macho yako?"

"Macho ni yangu, wewe yanakuhusu nini? Nenda. Uvae soksi."

Akakata simu mwenyewe, maana angengoja angesema jengine. Akaificha mikono yake chini ya buibui. Jirani akasimama, akatafuta viatu vyake, mtu anayeona kwamba nyumba inataka kubaki peke yake.

"Unakwenda wapi?" dada akamwambia.

"Nakupisheni, bi mkubwa."

"Hilo jimbo la pili liko wapi?"

"Kusini. Huko kuna jua kidogo."

"Watu wake wanafanya kazi gani?"

"Wengi wakulima. Lakini poli..."

"Sikukuuliza poli. Mkulima anamjua mwalimu. Nani kamsomeshea watoto wake? Meno?"

Jirani akafikiri. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwengine hauna.

"Chansi anayo," akasema. "Ndogo."

"Kaa basi, unieleze hiyo ndogo ikoje."

Akakivua kiatu, akakaa.