Bata wa Mbao wa Mwanamwema

Mzee Mansour aliendesha basi hapa London zaidi ya miaka thelathini. Mwenzake angestaafu akajenga nyumba kwao Wete, yeye akanunua majogoo ya Wamarekani. Sebule za watu wetu hapa Barking unazijua kabla hujafunguliwa mlango: makochi makubwa, mapazia mazito, picha ya Makka, saa ya adhana. Yake ilijaa vyombo vya kale vya mashambani Marekani. Palikuwa na kasha lililochorwa maua, rangi imebanduka nusu, na jogoo wa shaba aliyewahi kukaa juu ya paa la banda la ng'ombe akionyesha upepo unakotoka. Kochini ametandika mfarishi wa viraka. Dirishani wamepangwa bata wa mbao, ambao wawindaji waliwachonga na kuwapaka rangi, wakawaweka waelee majini ili bata wa kweli washuke wapigwe risasi.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nilimcheka sana. Hakukasirika.

"Baba yangu alichonga mbuzi za nazi maisha yake yote," aliniambia. "Hakuna hata mtu mmoja aliyeweka moja kwa kumbukumbu. Hawa pia walikuwa watu hawana kitu, wakichonga jioni baada ya kazi. Angalau zao zimepata wa kuziweka."

Vitu vyenyewe alivinunua kwa Dhiren, Mhindi wa Queensbury aliyezaliwa Kisumu, mwenye meza kwenye soko la Jumapili. Dhiren ndiye aliyemfundisha. "Mzee, wewe usioshe hii kitu, usipake varnish," alikuwa akimwambia. "Ule uchafu ya mikono ndio watu wenyewe." Mansour akarudi navyo nyumbani vilivyo, na mkewe Mwanamwema akigomba kwamba nyumba inageuzwa jaa.

Kisha sukari ikamla Mwanamwema macho, na baada ya macho, akili nayo ikaanza kumtoka. Jioni ndiyo ilikuwa mbaya. Analia arudishwe kwa mama yake, anavua nguo, anawapiga wahudumu waliokuja kumwogesha. Mtoto wao pekee, Hamad, yuko Maskati, anapiga simu na kulia naye. Siku moja Mansour, kwa kukosa la kufanya, akamwekea mkononi bata mmoja mdogo. Mwanamwema akampapasa mdomo, akampapasa kichwa, akanyamaza.

"Bata wa mama," akasema.

Tangu siku hiyo bata yule akawa dawa yake. Alilala naye, kidole gumba juu ya kichwa, akikisugua mpaka rangi ikatoka. Dhiren angeona angezimia. Mansour aliona akafurahi.

Mwaka huu baada ya Ramadhani nesi akasema haitachukua muda, afie nyumbani kama mnavyotaka. Wakaleta kitanda cha hospitali, wakakiweka sebuleni. Mansour akaniambia hana tena analotaka duniani isipokuwa mkewe asiondoke na hofu. Nililia, sioni haya kusema.

Ndipo akaja Raya kutoka Ilford, dada wa mgonjwa, mwanamke wa sala na mdomo. Hakuwa amevua hata viatu.

"Shemegi, dada yangu yumo katika sakarati ya mauti, na nyumba imejaa masanamu! Malaika wa rehema waingilie wapi?"

"Bata ndiye anayemtuliza, Raya."

"Kwa hivyo akate roho kashika sanamu? Kesho utamjibu nini Mola wako? Mie sikwambii utupe. Vikate vichwa tu. Sanamu lisilo kichwa si sanamu, lishakuwa kipande cha mti."

Nikamwambia Mansour, "Yakhe, mwache mke wako na bata wake." Hakunisikia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba kwa ajili ya upuuzi wake mkewe atakufa peke yake, bila malaika. Kwa nafsi yake asingeogopa, namjua. Kwa Mwanamwema aliogopa.

Wakamngoja mgonjwa apitiwe na usingizi wa sindano, Mansour akatoka uani na msumeno. Akawakata bata wote vichwa, Raya akimshikia. Jogoo wa shaba alimkata kwa msumeno wa chuma, kelele zikanifikia jikoni kwangu. Bata mdogo alimfanya mwisho, na akaisugua shingo kwa msasa, polepole, isije ikamchoma Mwanamwema kiganja.

Mwanamwema alipoamka, Mansour akamwekea bata mkononi mwenyewe. Kidole gumba kikapanda pale kilipozoea kupanda. Kikakuta pamekuwa bapa. Kikazunguka, kikazunguka tena. Kisha Mwanamwema akamtupa bata, na ukelele alioutoa niliusikia ukutani.

"Wamemchinja! Wamekuja, wamemchinja! Na mimi watanichinja!"

Mansour akamshika mikono, akisema ni mimi, ni mimi Baba Hamad. Mwanamwema akanusa viganja vyake, vumbi la mbao bado limo, na akapiga kelele zaidi. Mansour akakigandisha kichwa cha bata kwa gundi. Mwanamwema akapapasa, akagundua mshono, akamsukuma mumewe. Tangu hapo akisikia tu hatua zake anavuta shuka mpaka usoni. Kwa hiyo Mansour akahamia jikoni, ikawa mimi na wahudumu ndio tunaomnywesha maji mkewe. Raya alikaa kichwani pa kitanda akisoma Yasini, sauti nzuri sana, sina kasoro ya kumtoa.

Ijumaa asubuhi Mwanamwema akafa. Raya akasema kaondoka vizuri, na malaika walikuwapo, yeye aliwahisi. Mansour alinifuata mimi kwenye ukumbi, anaogopa hata kuugusa mlango wa sebule yake mwenyewe.

"Alitulia?" akaniuliza.

Nikamwambia alitulia. Alikufa amenikwaruza mkono, akinisihi nisimfungulie mumewe mlango.